Mkwara, Hila na Udanganyifu: Istilahi za Dau na Ishara katika Mchezo wa Poka

Katika kazi ya kusanifu istilahi twapokea maombi ya kila namna: leo majina ya vipuri vya trekta, kesho maneno ya mizani na vipimo, keshokutwa vyeo vya maofisa wa forodha. Miongoni mwa maombi hayo lilifika moja lililotuchukulia muda mrefu kuliko tulivyotazamia. Mfasiri mmoja alikuwa amepewa kanuni za ukumbi unaochezewa karata za poka, azitie katika Kiswahili kwa ajili ya wafanyakazi wapya, naye akatuomba tuipitie rasimu yake kabla hajaikabidhi. Kanuni mojawapo ilisomeka hivi: "Ni marufuku kumdanganya mchezaji mwenzako."

Ukiitazama sentensi hiyo kwa jicho la sarufi, haina ila. Ukiitazama kwa jicho la mtu aujuaye mchezo, imeufuta mchezo wote. Poka bila kudanganyana si poka, kama vile mpira wa miguu bila kupigana chenga usivyokuwa mpira. Kanuni ya asili haikukataza kila namna ya kudanganya. Ilikataza namna moja, ikaikemea ya pili, na ya tatu ikairuhusu. Mfasiri wetu hakuwa mzembe. Alikuta katika lugha ya asili maneno matatu, kila moja na mpaka wake, akayamimina yote katika neno moja la Kiswahili kwa kuwa hakuona mahali pengine pa kuyamimina.

Jambo hili si dogo. Mgawaji wa karata aliyeisoma kanuni ile angemshitaki kwa msimamizi mchezaji asiye na kosa lolote, na pengine angemwachia yule aliyekosa kweli. Fedha za watu zingepotea, na kazi ya mgawaji huyo ingekuwa hatarini, si kwa sababu hajui wajibu wake, bali kwa sababu hakuelezwa wajibu huo kwa maneno yenye mipaka. Makala haya basi yanakusudia kueleza dhana zenyewe, kisha kupendekeza maneno ya kuzibeba.

Kabla hatujaendelea, twapenda kusema neno moja kwa wasomaji wetu wanaoichukia kamari. Wanayo haki. Neno lenyewe "kamari", tulilolipata kutoka Kiarabu, limebeba lawama tangu zamani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 yatumia jina pana zaidi, "michezo ya kubahatisha", na jina hilo ndilo linalofaa katika maandishi ya serikali. Lakini kusanifu istilahi ya jambo si kulisifu jambo hilo. Mganga hutaja maradhi ili ayatibu, na hakimu hutaja kosa ili alihukumu. Polisi, mkalimani wa mahakama, karani na mwandishi wa habari hawawezi kushughulika na jambo wasiloweza kulitaja.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Poka ilikulia Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, hasa katika miji na meli za mto Mississippi. Huchezwa kwa seti ya karata 52. Namna inayojulikana zaidi siku hizi, iitwayo Texas Hold'em, humpa kila mchezaji karata mbili ambazo huzificha. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa awamu tatu: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Wachezaji hupata nafasi nne za kuweka dau: kabla ya karata za katikati kufunuliwa, na baada ya kila awamu. Mwaka 1970 yalianzishwa mjini Las Vegas mashindano ya dunia ya mchezo huu, na hadi leo ndiyo yenye sifa kubwa kupita yote.

Mtu aweza kushinda kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuwa na karata bora kuliko za wenziwe pale mwisho wanapofunuliana. Njia ya pili ni kuwafanya wenziwe wote wajitoe kabla ya kufika huko. Hapo hushinda bila ya kuonyesha chochote, hata kama karata zake ni takataka tupu. Hadaa zote za poka huzaliwa na njia hii ya pili.

Tulinganishe na bao. Katika bao kete zote ziko wazi mbele ya macho ya wachezaji na watazamaji. Mshindi ni yule ahesabuye mbali zaidi. Katika poka sehemu ya mambo imefichwa, na mchezaji hana budi kukisia kilichofichwa kwa kutazama vitu viwili: dau analoliweka mwenziwe, na mwili wa mwenziwe anapoliweka. Kwa hiyo istilahi tunazozihitaji zagawanyika katika jamii mbili, yaani za dau na za ishara.

Hazina tuliyo nayo

Karata si ngeni kwa Waswahili. Neno "karata" tulilipata kwa Wareno, pamoja na majina ya jamii zake nne, yaani shupaza, kopa, uru na pau, na pamoja na "turufu". Wenyewe tumekwisha kuyafanya maneno hayo kuwa yetu, tukayazalisha. Aliyebahatika twasema amelamba dume. Aliyekosa amelamba galasa. Na mwanasiasa mwenye akili husifiwa kwamba amezichanga vizuri karata zake. Lugha iliyozaa misemo ya namna hii haikosi nyenzo.

Kanuni tunayoifuata yajulikana: tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na kukopa kutoka nje kuwe ndilo jambo la mwisho. Katika uwanja huu, mbali na jina la mchezo wenyewe, tumeona kwamba hatuna haja ya kwenda mbali.

Maneno ya dau

"Kuweka dau" na "kupandisha dau" yamekwisha kuzoeleka, hata magazeti huyatumia kwa mambo yasiyohusu karata. Tuyaache kama yalivyo. Anayetoa kiasi kilekile alichotoa mwenziwe twapendekeza aitwe "anayefuata dau". Asiyetaka kuweka kitu, na wala hajadaiwa kitu, "hupisha", yaani huiacha zamu iende kwa mwenziwe. Anayeziacha karata zake na kupoteza alichokwisha kuweka "hujitoa". Anayeweka kila alicho nacho mezani "huweka zote".

Neno "napita", ambalo wengi hulitumia, twashauri liepukwe. Wengine huwa na maana ya kupisha, wengine maana ya kujitoa, na tofauti ya maana hizo mbili ni tofauti ya kubaki mchezoni na kutoka.

Vile vidude vya rangi vinavyosimama badala ya fedha huitwa kwa Kiingereza kwa jina ambalo kwetu limekwisha kuchukuliwa na viazi vya kukaanga. Twapendekeza "kete", kwa mfano wa bao. Tunajua kwamba magazeti ya siku hizi hulitumia neno hilo pia kwa vifungu vya dawa za kulevya. Lakini muktadha wa mezani hauwezi kumchanganya msomaji, na hatuoni kwa nini neno la kale la mchezo lifukuzwe kwao na mgeni. Fungu la kete linalokusanyika katikati, ambalo mshindi hulichukua, tuliite "kitita".

Kauli inayofunga

Adabu ya kwanza ya meza ya poka ni kwamba neno lililotamkwa kwa zamu yake haliondoleki. Aliyesema "napandisha" amepandisha, hata kama mkono wake haujagusa kete. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Hapa ndipo kazi ya mwanaistilahi inapogusana na mfuko wa mchezaji. Chama cha waongozaji wa mashindano ya poka, kilichoanzishwa Marekani mwaka 2001, kimeweka katika kanuni zake kwamba maneno rasmi ya dau yawe mepesi na yasiyoweza kueleweka vingine. Kwamba maneno ya mahali fulani yaweza kukubaliwa yakitimiza sharti hilo. Na kwamba atumiaye lugha isiyo sanifu hujihatarisha mwenyewe, kwani uamuzi waweza kutoka kinyume cha alivyokusudia. Kanuni hizo pia zautaka ukumbi utangaze ni lugha zipi zinazokubaliwa mezani. Maana yake ni kwamba Kiswahili chaweza kutangazwa katika ukumbi wowote, lakini kikiingia bila ya maneno yenye mipaka, wasemaji wake ndio watakaolipa.

Tutoe mifano miwili. Dau lililopo ni shilingi 10,000. Mchezaji asema, "Naongeza elfu thelathini." Je, jumla ya dau lake ni shilingi 30,000 au 40,000? Kwa Kiswahili cha kila siku, kuongeza ni kutia juu ya kilichopo, kwa hiyo jumla ni 40,000. Lakini wengi wanaotafsiri kichwani kutoka Kiingereza hukusudia 30,000. Dawa tunayo: "napandisha hadi elfu thelathini" kwa jumla, na "naongeza juu yake elfu thelathini" kwa nyongeza. Maneno "hadi" na "juu yake" yasiachwe.

Mfano wa pili ni neno "sawa". Mchezaji atangaza dau kubwa. Mwenziwe, kwa mazoea ya mazungumzo yetu, aitikia "sawa" akiwa na maana ya "nimesikia". Mgawaji alihesabu kuwa amefuata dau. Wote wawili wana haki kwa upande wao, na fedha ni za mmoja tu. Vivyo hivyo "haya" na "twende". Kwa hiyo twashauri kanuni za Kiswahili ziseme waziwazi kwamba maneno ya kuitikia si maneno ya dau, na kwamba mgawaji asikiapo neno la namna hiyo aulize mara moja, "Wafuata?" kabla ya kugusa kete za mtu.

Mkono unaofunga

Kitendo nacho hufunga kama kauli. Kugonga meza kwa vidole au kwa kiganja ni kupisha. Kuzisukuma karata mbele ni kujitoa. Kuhusu kete, ziko adabu nne ambazo mfasiri hana budi kuzijua.

Ya kwanza ni kungoja zamu. Anayetangaza nia yake kabla ya zamu kumfikia huwapa wanaotakiwa kucheza kabla yake habari wasiyostahili kuipata. Kosa hilo tuliite "kuwahi zamu".

Ya pili yahusu dau linalowekwa kwa mikono miwili au zaidi: mchezaji huweka kete za kufuata, hutazama uso wa mwenziwe, kisha hurudi kwenye fungu lake kuchukua nyingine ili apandishe. Hilo ni "dau la vipande", nalo hukataliwa. Kilichohesabiwa ni mkono wa kwanza tu. Kwa kauli pia ni hivyo hivyo. Wale wa kwenye filamu wasemao "nafuata dau lako, na napandisha" wangeambiwa katika ukumbi wa kweli kwamba wamekwisha kufuata, basi.

Ya tatu ni kanuni ya kete moja kubwa. Dau ni shilingi 2,000. Mchezaji, bila ya kusema neno, aweka kete moja ya 10,000. Huhesabiwa amefuata, na hurudishiwa 8,000. Akitaka kupandisha, sharti aseme kabla kete haijatua.

Ya nne ni kuziweka kete mbele yako kwa utaratibu, wala si kuzimwaga katika kitita, maana zikichanganyika hakuna awezaye kuthibitisha ni kiasi gani kilichowekwa. Kadhalika kete za thamani kubwa huwekwa mahali pa kuonekana, ili mwenzako ajue ashindana na mtu mwenye kiasi gani.

Msomaji atambua kwamba adabu hizi zote nne zina shabaha moja. Hazikuwekwa kwa ajili ya ustaarabu tu. Kila moja huziba tundu ambalo mtu mjanja angelipitia ili apate habari au faida pasipo kuilipia kwa dau.

Ishara za mwili

Mwaka 1984 Mmarekani Mike Caro alichapisha kitabu kizima juu ya ishara za wachezaji wa poka, chenye picha nyingi. Fundisho lake kuu ni kwamba mchezaji wa kawaida ni mwigizaji: akiwa na karata nzuri hujitia mnyonge, na akiwa na karata mbaya hujitia shujaa. Anayeshusha pumzi kwa huzuni na kuweka kete shingo upande, huyo mwogope. Anayekukodolea macho na kuzipiga kete mezani kwa kishindo, huyo aghalabu hana kitu. Anayetazama kando kana kwamba mchezo haumhusu, amejificha kama paka mbele ya tundu la panya. Na mkono uanzao kutetemeka ghafla mara nyingi si mkono wa mwongo, bali wa mtu aliyepata karata kubwa na ambaye mwili wake unatua mzigo wa wasiwasi.

Wataalamu wa saikolojia walilichunguza jambo hili pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Michael Slepian na wenziwe waliwaonyesha watazamaji vipande vifupi vya filamu za wachezaji wa mashindano ya dunia wakiweka dau. Walioonyeshwa nyuso peke yake hawakuweza kukisia ubora wa karata. Walioonyeshwa mikono peke yake walikisia vizuri kuliko bahati nasibu. Uso hufundishwa kunyamaza, mkono husahauliwa.

Kwa upande wa maneno Kiswahili hakina njaa. Tuna kukonyeza, kubetua midomo, kupepesa macho, kukodoa, kukunja uso, kuguna, kufyonya, kushusha pumzi. Uso usioonyesha jambo wapatikana kwa kitenzi "kukausha", ambacho vijana hukitumia kwa mtu asiyeonyesha kwamba amesikia au ameguswa. Nasi twasema "kukausha uso". Tusiseme "uso mkavu" au "macho makavu", kwani hayo kwetu ni sifa ya mtu asiye na haya.

Neno lililotusumbua ni lile la ishara yenyewe inayomtoa mtu siri bila ya yeye kutaka. "Dokezo" halifai, kwa sababu mwenye kudokeza hukusudia. Tulivutiwa na kitenzi "kuchongea", kwa kuwa kweli mkono umemchongea mwenyewe. Lakini "kichongeo" watoto wa shule wanacho mkobani mwao, chachonga penseli. Mwishowe tumetua katika "kifichuzi", yaani kile kifichuacho kilichofichwa. Kifichuzi kinachoigizwa kwa makusudi ili kumpoteza mwenzako tutakiita "kifichuzi cha bandia".

Ngazi tatu za hadaa

Sasa twarudi kwenye kanuni iliyotuleta hapa. Tulipozipanga hadaa zote za mezani, tuliona kwamba swali la kuuliza si "Je, amedanganya?" bali "Amedanganya juu ya nini?" Majibu ni matatu.

Ngazi ya kwanza ni kudanganya juu ya kile ulicho nacho. Huyu ana karata mbovu, aweka dau kubwa kana kwamba ana karata bora, na dau hilo ni fedha yake halisi atakayoipoteza akigunduliwa. Au kinyume chake, ana karata bora na ajitia mnyonge ili wenziwe wasikimbie. Hakuna kanuni inayovunjwa hapa. John von Neumann na Oskar Morgenstern, katika kitabu chao cha nadharia ya michezo cha mwaka 1944, walionyesha kwa hesabu kwamba mchezaji bora hana budi kufanya hivyo mara kwa mara. Asiyethubutu kamwe husomwa kama kitabu kilichofunuliwa, na kila aongezapo dau wenziwe hujitoa.

Kwa dhana hii, hasa ya kutishia bila ya kuwa na nguvu, watu wamekwisha kupata neno, nalo ni "mkwara". Kumpiga mtu mkwara, au kumchimba mkwara, ni kumtisha kwa jambo usilo na uwezo nalo. Tunajua wako watakaosema kwamba hilo ni neno la mitaani lisilofaa kuandikwa katika karatasi ya serikali. Twawauliza: lipi jingine litajalo tishio tupu kwa usahihi huohuo? "Hadaa" ni pana mno, "kitisho" chaweza kuwa cha kweli, na "uongo" ni wa maneno tu, ilhali mkwara waweza kupigwa kwa kimya. Neno kuzaliwa mtaani si ila. La kupima ni kama linabeba maana moja na kama watu wanalielewa.

Ngazi ya pili ni kudanganya juu ya kile ulichofanya. Mchezaji ainua kete na kuzipeleka mbele kana kwamba aweka dau, amtazama jirani atafanyaje, kisha azirudisha na kusema alikuwa akizihesabu. Mwingine agonga meza, na mwenziwe afunuapo nia yake, adai alikuwa akifikiri tu. Mwingine azificha kete kubwa nyuma ya ndogo. Mwingine, wakati wa kufunuliana, asema "nina ree mbili" ambazo hana, ili mwenziwe akate tamaa na kuzitupa karata zake. Na karata zikishachanganyika na zilizotupwa, zimekufa, hazirudi. Hapa ndipo wazee wa mchezo wanapomwonya kila mgeni: usizitupe karata zako mpaka umeziona za mwenzako kwa macho yako.

Kwa ngazi hii twapendekeza "hila". Mwenye hila hasemi uongo juu ya karata zake tu. Aigeuza lugha ya meza yenyewe, ambayo wote huitegemea ili waelewane. Mara nyingine hakuna kifungu kinachomkamata moja kwa moja, lakini msimamizi ana mamlaka ya kuamua kwa kutazama haki na maslahi ya mchezo: aweza kumwonya, kumzuia asishiriki kwa muda, au kumtoa kabisa.

Ngazi ya tatu ni kuuharibu mchezo wenyewe: kutia alama karata, kuingiza karata ya kigeni, kula njama na mwenzako au na mgawaji. Wachezaji wengi huita jambo hili "kuiba". Hatulipendekezi neno hilo katika maandishi, kwa sababu mahakamani wizi ni kosa lenye tafsiri yake, na mkalimani atakayelitumia atampandishia mshitakiwa kosa jingine. Neno la kufaa tunalo tayari katika elimu: tunasema "udanganyifu katika mitihani". Basi na tuseme "udanganyifu mchezoni".

Kesi moja ya London

Kwamba mipaka hii ni ya kweli, na kwamba ina thamani ya fedha, yaonekana katika kesi iliyoamuliwa Uingereza. Mwezi wa Agosti 2012 Phil Ivey, mchezaji mashuhuri wa poka kutoka Marekani, alicheza mchezo mwingine wa karata uitwao Punto Banco katika kasino ya Crockfords, London, pamoja na mwenziwe Cheung Yin Sun. Migongo ya karata zile haikulingana kabisa pande zote mbili. Jicho lililozoezwa liliweza kuona tofauti ndogo ukingoni. Mgawaji aliombwa azigeuze baadhi ya karata, kwa kisingizio cha imani ya bahati. Yeye, asijue maana yake, akazigeuza. Tangu hapo karata zilizo muhimu zilielekea upande mmoja na nyingine upande wa pili, na wachezaji wakawa wanajua ni ya namna gani itakayofuata kabla haijafunuliwa. Ivey alishinda takriban pauni milioni 7.7.

Kasino ilikataa kulipa, naye akashitaki. Alieleza yote bila ya kuficha, na akashikilia kwamba huo ulikuwa ujanja halali wa mchezaji: yeye hakuzigusa karata. Tarehe 25 Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba huo ulikuwa udanganyifu mchezoni, kosa linalotajwa katika kifungu cha 42 cha sheria yao ya mwaka 2005, na kwamba kuamini kwake kuwa ni halali hakukumwokoa. Kwa mkono wa mgawaji asiyejua kitu, alikuwa ameipanga seti.

Tulipime jambo hilo kwa ngazi zetu. Kisingizio cha imani ya bahati kilikuwa igizo la mwili na maneno, ambalo kwa sura yake halina tofauti na kushusha pumzi kwa mcheza poka. Lakini igizo hilo halikumpoteza mpinzani juu ya karata alizonazo mtu. Liliigeuza seti ambayo bahati ya wote ilitakiwa itoke humo. Ishara ni zilezile. Kinachozitenganisha ni kile zinachokigusa. Mkalimani ambaye angelisimama katika kesi ya namna hiyo akiwa na neno moja tu, "kudanganya", asingeweza kufasiri hata swali lililoulizwa, licha ya jibu lake.

Istilahi zinazopendekezwa

Kuweka dau: kutoa kiasi cha kwanza katika awamu.
Kufuata dau: kutoa kiasi kilekile alichotoa mwenzako.
Kupandisha dau hadi: kutaja jumla mpya ya dau.
Kupisha: kuiachia zamu pasipo kutoa wala kudaiwa kitu.
Kujitoa: kuziacha karata na haki ya kitita.
Kuweka zote: kutoa kete zote ulizo nazo mezani.
Kete: kidude kinachosimama badala ya fedha.
Kitita: jumla ya madau yaliyokusanyika katikati.
Kuwahi zamu: kutenda au kusema kabla ya zamu yako.
Dau la vipande: dau linalowekwa kwa mikono zaidi ya mmoja bila ya tangazo.
Kufunuliana: kuonyeshana karata mwisho wa mchezo.
Kifichuzi: ishara inayomtoa mchezaji siri bila ya kukusudia.
Mkwara: dau au mwenendo wa kutishia usio na karata za kuutegemeza.
Hila: kupotosha maana ya kitendo au kauli ya mezani ili kupata faida.
Udanganyifu mchezoni: kuharibu karata, mgawo au ushindani wenyewe.

Mfasiri wetu tulimrudishia rasimu yake, na ile kanuni tuliyoanza nayo tuliipendekeza isomeke hivi: "Mkwara ni sehemu ya mchezo. Hila itaamuliwa na msimamizi. Udanganyifu mchezoni ni marufuku, na atakayepatikana nao atashitakiwa." Sentensi tatu badala ya moja, lakini sasa mgawaji anajua ni lini anyamaze, ni lini amwite msimamizi, na ni lini jambo limekwisha kuwa la polisi.

Mapendekezo haya si amri. Walimu, wakalimani na watumishi wenye maneno bora, hasa wale wa pwani wanaozijua karata tangu utotoni, twawaomba watuandikie.